Flashi fupi kwa kisanduku cha kupimia maji: achaneni na hesabu ya GB

Wiki hizi mbili nimeulizwa swali lile lile na watu watatu mbalimbali: "Nina mradi mdogo wa elektroniki, nataka flashi ndogo ya kukaa humo ndani, ninunue ipi?" Wote watatu wakafuatisha na la pili: ya GB ngapi? La pili jibu lake ni fupi: ndogo kabisa utakayoipata dukani. La kwanza ni refu, na ndilo ninaloliandika leo, kwa sababu naona watu wanachagua flashi kwa namba zilizochapishwa kwenye pakiti, na katika namba hizo hakuna hata moja inayogusa yale yatakayoipata flashi huku kwetu.

Nitachukua mradi wangu uwe mfano. Ni kisanduku cha plastiki kilichofungwa juu ya nguzo Kizingitini, kule kisiwa cha Pate. Ndani mna Raspberry Pi Zero W, saa ndogo ya DS3231 (maana Pi Zero haina saa yake, na rekodi ya maji isiyo na saa ni porojo), betri inayochajiwa na paneli ya sola, na kihisi cha mwangwi aina ya JSN-SR04T kinachotazama baharini. Kihisi kinapiga sauti, sauti inagonga maji na kurudi, programu inahesabu umbali. Kuna pia vipimajoto viwili vya DS18B20, kimoja majini, kimoja hewani. Cha hewani si pambo. Sauti hukimbia kiasi cha mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20, na kiasi cha mita 349 ikiwa nyuzi 30. Ukipima mita tatu bila kusahihisha, kosa linafika sentimita tano. Kila dakika unaandikwa mstari mmoja: tarehe, saa, umbali, joto la maji, joto la hewa. Basi.

Mtauliza, si Lamu ina kipimo rasmi? Ndiyo, kipo cha KMFRI, na data yake hufika hadi Chuo Kikuu cha Hawaii ambako hukusanywa vipimo vya usawa wa bahari kutoka pembe zote za dunia. Lakini kipimo kimoja cha mjini hakikuelezi habari za nyuma ya Pate, ambako maji huzunguka mikoko na kuchelewa. Kila nahodha anayepita Mkanda anajua kwamba maji hayajai kila mahali kwa saa moja. Na kuna jambo jingine. Aprili 2018 Mahakama Kuu kule Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari mpya, ile ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Tangu nisome habari za hukumu ile nina swali moja: siku watu wetu wakiambiwa walete rekodi ya jinsi maji yao yalivyokuwa, nani anayo? Wazee wanayo vichwani, nami nawaamini kuliko ninavyoviamini vihisi vyangu, lakini kichwa cha mzee hakipigwi muhuri kikatiwa kwenye faili la mahakama. Mistari ya kisanduku changu ni kitu kidogo sana mbele ya jambo kubwa kama hilo, ni kazi ya mtu anayecheza na solda siku za mapumziko. Hata hivyo bamvua lililopita halipimwi tena. Kihisi kikifa nanunua kingine Mombasa. Flashi ikifa na miezi minne ndani yake, hakuna duka linalouza miezi hiyo.

Sasa, kwa nini flashi? Kwa nini isitumwe kwa mtandao wa simu? Modemu ya GSM kama SIM800 inaweza kuvuta ampea 2 kwa kufumba na kufumbua inapowasiliana na mnara, na paneli yangu ni kubwa kama daftari la shule tu. Juu yake kuna bando la kila mwezi. Na hata ningetuma, ningetaka nakala iliyobaki palepale nguzoni. Kadi ya microSD haitufai kwa kusafiri kwa kuwa ndiyo iliyobeba mfumo wenyewe; ukiichomoa umeizima mashine. Flashi ndiyo inayochomolewa na binamu yangu, inafungwa kwenye mfuko wa nailoni, inakabidhiwa nahodha wa boti ya abiria, nami naipokea Lamu mjini. Hiyo ndiyo intaneti yetu, na haijawahi kukatika kwa kuishiwa bando :-)

Tufanye hesabu ya ukubwa tuimalize. Mstari wangu mmoja ni baiti 40. Dakika 1,440 kwa siku zinatoa baiti 57,600. Kwa mwaka mzima ni MB 21. Naam, MB, si GB. Mwishoni mwa mwaka 2000, IBM walipoanza kuuza DiskOnKey iliyotengenezwa na M-Systems ya Israeli (Trek ya Singapore nao walikuwa wametoa ThumbDrive yao mwaka huohuo), ilikuwa na MB 8 tu. Flashi ile ya kizee ingebeba vipimo vyangu vya miezi minne na nusu bila kulalamika. Kwa hiyo mtu wa kaunta akikwambia "chukua ya 256, kaka, tofauti ya bei ni ndogo", mshukuru, umwambie hapana. GB 16 ni nyingi mno tayari.

Na kuna sababu nyingine ya kuziogopa namba kubwa. Zimejaa sokoni flashi zinazojiita TB 1 na TB 2 kwa bei ya kilo mbili za changu. Ndani yake mna chipu ya GB chache, na kontrola iliyofundishwa kusema uongo. Kompyuta inauliza "una nafasi kiasi gani?" nayo inajibu TB 2. Unaandika, majina ya faili yanaonekana, ukubwa wake unaonekana, kila kitu ni shwari. Ukishavuka ukubwa wa kweli, data mpya inatupwa au inaandikwa juu ya ile ya zamani. Utagundua siku ya kufungua faili. Kwa hiyo kabla ya kuiamini flashi yoyote, hata ya jina kubwa (majina makubwa ndiyo yanayoigwa zaidi), ijaze yote na uisome yote. Kwenye Linux kuna programu ya bure inayoitwa F3: unaendesha f3write, unakwenda kunywa kahawa, unarudi unaendesha f3read. Kwenye Windows ni H2testw. Flashi ya GB 16 haichukui muda mrefu, na hapo unaona faida nyingine ya kununua ndogo. Tofauti kidogo isikutishe: flashi ya kweli ya GB 32 Windows huionyesha kama 29.8 kwa sababu watengenezaji wanahesabu kwa kumi na Windows inahesabu kwa mbili. Huo si wizi, ni ubishi wa wasomi.

Kasi nayo? Pakiti inasema USB 3.2, MB 400 kwa sekunde, na mambo mengine ya mbio. Pi Zero ina USB 2.0. Mimi naandika baiti 40 kwa dakika. Punda anatosha. Tena wanaotumia Pi 4 wajue kwamba tundu la USB 3 lenye kifaa kinachofanya kazi hutoa kelele kwenye masafa ya GHz 2.4, yaleyale ya waifai. Intel wenyewe waliandika waraka kuhusu hilo mwaka 2012. Ukiona waifai ya mradi wako inadhoofika pindi unapochomeka flashi mpya ya kifahari, ihamishie kwenye tundu la USB 2 kabla hujaanza kuilaumu programu yako.

Tumefika kwenye umbo, na hapa sikubaliani na wengi. Kuna zile flashi ndogo kama ukucha, zinazobakiza milimita tano au sita nje ya tundu. Kila mtu mwenye mradi anazitaka. Zinapendeza, sikatai, na kama flashi itachomekwa mara moja isichomolewe tena, kwa mfano kwenye redio ya gari au kisanduku cha nyimbo sebuleni, chukua hiyo. Lakini flashi yangu inachomolewa na mtu aliyesimama kwenye ngazi ya mbao, maji chini yake, mikono ina unyevu na magamba ya samaki. Kitu cha ukubwa wa ukucha hakishikiki. Kitaponyoka, na chini hakuna sakafu, kuna bahari. Namba ninayoitafuta mimi, ambayo haimo kwenye pakiti yoyote, ni hii: je, vidole viwili vilivyolowa vinaweza kuikamata na kuivuta? Na je, ina tundu la kupitisha uzi? Flashi ya urefu wa sentimita tatu hivi, yenye tundu, ikafungwa kipande cha mshipi na mwisho wake ukafungwa ndani ya kisanduku, haiwezi kupotea hata ikiponyoka. Pima nafasi ya mfuniko kabla ya kwenda dukani, nenda na rula. Fupi, ndiyo. Ndogo kupita kiasi, hapana.

Jambo la pili la umbo halionekani kwa nje. Flashi nyingi fupi za siku hizi ni za kipande kimoja: kumbukumbu na kontrola vimefungwa pamoja ndani ya resini, na zile sahani nne za dhahabu za USB zimo juu ya kipande hichohicho. Zile ndefu za kizamani zina ubao wa kijani ndani, chipu zimesoldiwa juu yake, na ganda la plastiki limebanwa kijuujuu tu. Kwa hewa ya Lamu mimi nasema chukua ya kipande kimoja. Chumvi yetu haihitaji wimbi. Inakuja na upepo wa kusi, inatua juu ya ubao, inavuta unyevu, na baada ya miezi michache miguu ya chipu ina unga wa kijani. Ndani ya resini haiingii. Ubaya wake ni kwamba ikifa imekufa. Kwenye ubao wa kijani fundi anaweza kuibandua chipu ya kumbukumbu na kuisoma kwa mashine. Kwenye kipande kimoja inabidi kukwangua resini na kusolda nyaya nyembamba kama unywele kwenye vituo vilivyofichwa, kazi ya mafundi wachache na ya bei kubwa. Nimekubali ubaya huo. Kwa data inayonihusu sitaki kumtegemea fundi wa kufufua, nataka nakala nyingine iwepo mahali pengine.

Resini hailindi plagi yenyewe. Hiyo nailinda kwa mpira wa kuziba mfuniko, vijifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu (uvikaushe juani kabla ya kuvitumia tena), na grisi kidogo ya silikoni kuzunguka mdomo wa tundu. Vituo nafuta kwa spiriti kila flashi inaporudi. Joto nalo lipo. Flashi nyingi za kawaida zimeandikiwa kufanya kazi hadi nyuzi 60, na baadhi huishia 45. Kisanduku cheusi kwenye jua la Februari, wakati wa kaskazi, kinaweza kufika huko. Changu ni cheupe na paneli ya sola imewekwa juu yake iwe mwavuli. Sijalipa senti kwa ujanja huo.

Sasa umeme, ambao ndio muuaji mkuu, si chumvi. Flashi haiandiki kama kalamu. Huandika kwa kurasa na hufuta kwa vipande vikubwa, vya mamia ya KB au hata MB kadhaa. Ukiongeza baiti 40, kontrola inaweza kulazimika kuhamisha mzigo mkubwa kutoka kipande kimoja hadi kingine, na kurekebisha daftari lake la ndani linaloonyesha nini kiko wapi. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, hupotezi mstari wa mwisho tu. Daftari likiharibika flashi nzima inaweza kukaa kimya, au ikajitambulisha kwa kompyuta kama kitu cha MB sifuri. Na seli zenyewe zina umri. Zile za biti moja kila seli huhimili kufutwa kiasi cha mara 100,000. Hizi za biti tatu zinazotumika kwenye bidhaa za bei ya kawaida ni mara elfu chache tu, au chini ya hapo.

Kwa hiyo programu yangu haiigusi flashi kila dakika. Mistari inakusanywa kwenye RAM na kwenye kadi ya microSD. Mara moja kwa saa inafungua faili kwenye flashi, inaandika mistari 60 kwa pamoja, inafunga, na kuitenga flashi kabisa na mfumo. Badala ya kuandika mara 525,600 kwa mwaka ni mara 8,760. Betri ikishuka chini ya kiwango nilichokiweka, Pi inajizima kwa adabu kabla umeme haujakatika wenyewe. Kila siku ina faili lake, maandishi matupu yanayosomeka na programu yoyote, ili likiharibika moja iharibike siku moja. Mfumo wa faili ni FAT32. Najua watu wa Linux mtapiga kelele kwamba ext4 ina jarida la kujikinga, na ni kweli, lakini flashi hii inaweza kufunguliwa kwenye kompyuta yoyote ya Windows kule Faza au Mokowe, na ikifika pale mashine ikasema "ifanyie fomati kwanza", kuna mkono utakaobonyeza ndiyo. Mkono huo naogopa kuliko umeme.

Flashi nyingi fupi hazina taa. Zamani ziliwaka taa zikiandika, siku hizi ni bahati. Usihangaike kuitafuta yenye taa, weka yako. Kwenye kisanduku changu kuna kitufe kimoja na taa mbili zilizounganishwa na Pi. Binamu anabonyeza kitufe, taa nyekundu inawaka, programu inamalizia kuandika na kuitenga flashi, kisha ya kijani inawaka. Ya kijani ndiyo ruhusa ya kuchomoa. Sikumwandikia maelekezo yoyote zaidi ya hayo, wala hakuyahitaji.

Virusi? Mnaokumbuka Conficker ya mwishoni mwa 2008 mnajua jinsi flashi zilivyosafirisha maradhi, mpaka Microsoft wakaipunguzia Windows tabia ya kujiendesha yenyewe mwaka 2011. Leo hatari ni ndogo kuliko wakati ule lakini ipo. Pi haiendeshi chochote kilichomo kwenye flashi, na mimi nasoma mafaili ya siku tu, mengine nafuta.

Basi ninanunua nini? Flashi tatu, si moja. Zote za kipande kimoja, za GB 16 au 32, USB 2.0 ikipatikana, za sentimita tatu, zenye tundu la uzi, kutoka duka ninaloweza kulirudia nikiwa na malalamiko, na zote zimepita F3 kabla ya kupanda boti. Moja iko nguzoni, moja iko njiani, moja iko kwangu Langoni. Bei ya zote tatu haifiki ile ya moja ya kifahari. Kadi ya Pi inabaki na nakala ya kila kitu, na nyumbani nakopi kwenye laptopu na kwenye diski nyingine. Boti ikipata msukosuko, ninachopoteza ni flashi, na mistari yake bado iko Kizingitini.

Mnyonge aliyebaki kwenye kisanduku ni adapta ya OTG, ile inayogeuza tundu dogo la Pi Zero kuwa USB ya kawaida. Ganda lake limeanza kuota kutu, na kila flashi inapovutwa inacheza kidogo. Nafikiri kuiondoa kabisa na kusolda tundu kamili la USB kwenye vituo vya PP22 na PP23 vilivyoko chini ya ubao, ambavyo ndivyo nyaya za data za USB, nikachukua umeme kwenye pini za volti 5. Tundu nimeshalipata, la chuma kisichoshika kutu. Kusi likitulia nitapanda boti nikaliweke.